Namna ya Kuegesha Karavani Mtelemkoni Bila Kuikuta Sebuleni kwa Jirani

Shahidi wa kwanza ni yai. Washa jiko ndani ya karavani iliyoinama, mimina mafuta, kisha vunja yai: mafuta yote yatakimbilia ukingo mmoja wa kikaango, nusu ya yai iogelee, nusu nyingine igande kwenye chuma kikavu. Usiku utalala kichwa chini miguu juu, na mlango wa choo utajifungua wenyewe wakati usiofaa kabisa. Ukiwa Marekani, ambako wengi huiegesha karavani mbele ya nyumba, kwenye njia ya zege inayoshuka kuelekea barabarani, na wageni ndio hao wako njiani kuja kulala humo, kazi ya kuisawazisha haikwepeki.

Yai utakula hivyo hivyo. Friji haisamehe. Friji za karavani nyingi hazina mota. Zinafuata ule mtindo ambao Baltzar von Platen na Carl Munters waliubuni wakiwa wanafunzi Stockholm mwaka 1922. Moto wa gesi huchemsha maji yenye amonia, mvuke hupanda, kisha majimaji hurudi chini kwa uzito wake tu. Uiinamishe zaidi ya nyuzi chache, majimaji hutuama njiani, moto unaendelea kuchoma mahali pakavu, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani hugeuka chembe ngumu zinazoziba mabomba. Ukifika hapo, ni kununua nyingine. Friji mpya zinazotumia kompresa na betri huvumilia zaidi, lakini mgeni wako havumilii.

Basi chukua pima maji uiweke sakafuni, katikati, kwa urefu na kwa upana. Halafu piga hesabu kabla ya kushika chochote. Mtelemko wa asilimia 5 unashuka sentimita 5 kwa kila mita. Kama kutoka kwenye magurudumu hadi jeki ya mbele ni mita 5, unadaiwa sentimita 25, na deni hilo linalipika. Mtelemko wa asilimia 10 unadai nusu mita nzima, na jeki nyingi za mbele hazifiki huko. Usianze kujenga mnara wa matofali ya zege chini ya jeki. Tofali lenye matundu hupasuka ghafla, bila hodi, na juu yake kuna uzito unaotosha kuvunja mguu wa mtu. Nenda ukatafute uwanja mwingine. Kanisani, kwa rafiki, popote palipo tambarare.

Ingiza karavani kinyumenyume, pua ielekee bondeni. Hapo jeki itakuwa na kazi inayoiweza: kuinua. Pua ikielekea mlimani utalazimika kuishusha, na zege litakutana nayo kabla hujafika usawa.

Anza na ubavu, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Upande ulio chini, weka mbao pana mbele ya magurudumu, uyapandishe taratibu. Kama upande huo una magurudumu mawili, yote mawili yapande; ukiinua moja, linabeba mzigo wa mawili. Rudi kwenye pima maji. Povu likikaa katikati, huo upana umekwisha, usiuguse tena.

Sasa kabari, na hapa nakuomba usiwe na haraka hata kidogo. Karavani za Ulaya huwa na breki ya mkono. Za Marekani, nyingi hazina. Breki zake za umeme hutii gari linaloivuta, na ile swichi ya dharura inayozikaza karavani ikichomoka hunyonya betri hadi ikaisha, kisha breki zikaachia. Ukishaikata kutoka kwenye gari, kabari ndiyo breki yako. Fanya kama utingo wa lori kwenye mlima Kitonga, ambaye gogo lake liko nyuma ya tairi kabla dereva hajamaliza kuita. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili, ukianza na upande wa bondeni, na uzigongee zikaze. Fagia kwanza majani mabichi, mchanga na barafu. Kisha achia breki ya gari kidogo, karavani iegemee kabari zake, uone kama inatambaa. Ikitambaa hata inchi, rudia. Minyororo ya usalama ibaki imefungwa hadi mwisho, na watoto wasikae upande wa bondeni, hata yule anayeleta nyundo.

Ndipo ukate, ufungue minyororo, uzungushe jeki hadi sakafu ilale sawa kwa urefu.

Miguu minne ya pembeni inakuja mwisho, na kazi yake ni moja: kuzuia nyumba isitikisike mtu anapotembea. Haikuumbwa kuinua. Ishushe juu ya vipande vya mbao, iguse, ikaze kidogo, basi. Ukiendelea kuzungusha kwa ajili ya kumalizia sentimita zilizobaki, chesisi itajipinda, na utaijua siku hiyo hiyo: mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole kimoja utahitaji bega.

Siku ya kuondoka, pindua mpangilio wote. Miguu ipande kwanza, maana wapo wanaoisahau na kuikokota mtaani ikichimba lami. Kisha funga kwenye gari, minyororo na waya za umeme, jaribu taa. Kabari ziondoke mwisho, dereva akiwa amekanyaga breki.