Hela ya Kula Hiyo!

Bagamoyo baba akiacha elfu tano ya matumizi, mtaa mzima unajua. Anaiacha kwa sauti: "Mama Asha, hela ya kula hiyo!" Kisha huyoo barazani, anatembea kama aliyelipa deni la taifa. Samaki mnadani wamepanda, nazi nayo ina bei yake. Jioni anakuta wali wa nazi na changu wa kupaka, na wala hashangai. Haulizi mkewe anakaanga samaki sokoni kwa ajili ya nani, wala kikoba kinamalizia nini.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtwisha mume chakula, mavazi na malazi ya mkewe, kwa kadiri ya uwezo wake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo waume zetu waliyoyahifadhi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Basi bwana, ukisema "nyumba hii nimejenga mimi", punguza sauti: aliyeuza bangili zake ukapata bati yuko jikoni, anakusikia.