Taa na Omena

Kasino kubwa za Nairobi huweka kamera juu ya meza, zichungulie vidole vya wateja. Tajiri hamwamini mgeni wake. Mashine ya kamari ya dukani kijijini haina haja ya gharama hizo. Inameza sarafu ya shilingi 20, programu yake imekwisha kupangiwa fungu la mwenye mashine, na mlinzi ni mchezaji mwenyewe: macho hayabanduki kiooni, penye taa. Mwaka 2018 serikali ilizikamata mashine hizo, ikazichoma moto. Zikarudi, bila shaka kwa kutukumbuka. Nanyi wavuvi wa Sori, Karungu, mnaowasha taa ziwani usiku kuwavuta omena, hongereni: mwanga mzuri mnaujua mkiuona.