Namba ya Siri Mwaloni

Haiyumkini kudai kwamba serikali ya Tanzania ilizembea mbele ya matapeli wa simu: mwaka 2015 ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao, ikaanza kutumika Septemba mosi, na kwa kifungu cha 16 ikawaandalia adhabu wachapishao habari za uongo, kwa bidii iliyowafanya baadhi ya watu wadhani kuwa hasimu mkubwa wa kompyuta za taifa ni raia mwenye maoni. Sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo tapeli wetu hajapata kuihitaji. Kisha tukaamrishwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, muhula ukaisha tarehe 20 Januari 2020, na matapeli, kwa taabu wanazozijua wenyewe, hawakukosa laini.

Laiti mabingwa wa mikakati, baada ya kufunga semina na kutia saini sahifa ya posho, wangeteremka asubuhi hadi mwaloni Kirumba, Mwanza, wangemwona mchuuzi wa dagaa, mikono imelowa shombo, akimkabidhi wakala simu yake na kuitamka namba ya siri kwa sauti ya kuzishinda injini za mitumbwi, “Kaka, nitolee elfu hamsini,” ilhali foleni nzima inasikiliza kwa taadhima. Na jioni, ukimjia ujumbe usemao ile hela aitume kwenye namba hii, huituma bila kusita, kwani hela kweli anadaiwa; na hapa Mwanza, bwana, nani hadaiwi?