Moshi Wangu Hauna Leseni

Yakhe, hebu sogea nami nikae. Leo miguu haina nguvu na mfuko hauna kitu. Yote yalianza siku niliyokwenda kukaguliwa gari. Nyie mnaotembea kwa miguu mnaona sisi wenye gari tunakula bata. Bata gani? Bata mwenyewe nampakia mimi, namshusha Konde, na nauli hanipi.

Gari yangu unaijua. Ile Noah ya dizeli. Kama hujawahi kuiona, basi ushawahi kuinusa. Naikodisha. Wageni wanaokuja Pemba nawatoa bandarini Mkoani nawapeleka mahoteli ya Kigomasha. Bibi harusi namtoa Wete namleta Chake. Wafiwa nawabeba kwa mkopo, na mkopo wa msiba, yakhe, haudaiwi. Sasa leseni ya kukodisha haitoki mpaka ukaguzi. Haya, twende ukaguzi. Ofisi siitaji, wasije wakanikumbuka.

Taa, sawa. Honi, sawa, mpaka mbuzi wakakimbia. Bima ipo. Kizimamoto kipo, cha jirani, lakini kipo. Nikajua leo natoka na karatasi yangu. Mara yule kijana wa ukaguzi akaenda nyuma ya gari. Kavaa shati jeupe, pasi imelala vizuri. Akasema, "Mzee, kanyaga resi." Nikakanyaga, tena kwa adabu. Nikatazama kwenye kioo, simuoni. Nikadhani kaenda kuswali. Sauti ikatoka ndani ya wingu: "Mzee! Zima!"

Alipotokeza, shati lilikuwa na madoa. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema tu, "Moshi huu mzee, rudi ukishautengeneza," akaondoka akijipangusa kifua. Foleni nzima inanitazama. Mwenye Carry aliyekuwa nyuma yangu alikuwa kafunga vioo, na Carry yenyewe haina vioo, kashikilia maboksi.

Mimi moshi nautengeneza wapi? Natia dizeli ileile wanayotia wenzangu. Na dizeli yenyewe si ya zamani. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Petroli nayo ilishatolewa risasi miaka mingi nyuma. Mafuta yanaingia safi, moshi unatoka mweusi, na hapo katikati hamna kitu kingine isipokuwa Noah yangu. Kosa langu liko wapi?

Nikarudi nyumbani kutafuta huruma. Mke wangu huruma hana, kaka yake anayo yote, na kaka yake yuko London. Anaendesha teksi za kuitwa kwa simu. Akapigiwa hapohapo, na spika ikafunguliwa ili nyumba nzima isikie.

"Shemeji," akaanza, na mimi nikajua nimekwisha. Akanambia London wana eneo la hewa safi tangu tarehe 8 Aprili 2019, na Agosti 2023 wakalitanua mpaka likameza mji mzima. Gari ya dizeli isiyofika kiwango cha Euro 6 inalipa paundi 12.50 kila siku inayotia tairi barabarani. Mke wangu akachukua kalamu akaanza kuigeuza shilingi. Nikamwomba asimalize. Halafu ndiyo akaja kwenye leseni. Tangu Januari 2023, gari ya kukodi inayoombewa leseni kwa mara ya kwanza kule lazima iwe na uwezo wa kwenda angalau maili 10 bila kutoa moshi wowote.

Nikauliza, "Ikiwa imezimwa?"

Kimya. Mke wangu akaichukua simu. "Msamehe, kaka."

Nikaona niokoe heshima yangu. Nikasema Wazungu wana nafasi ya kuogopa moshi, sisi bibi zetu wamepikia kuni miaka yote. Hapo shemeji akaacha mzaha. Akanitajia mtoto wa London, Ella Kissi-Debrah, miaka 9, akiishi karibu na barabara kubwa, pumu ikamuua mwaka 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaandika kwamba hewa chafu ilichangia kumuua. Uingereza ilikuwa haijaandika hivyo kwa mtu yeyote. Nikakosa la kusema. Mwanangu mdogo anakohoa usiku, na Noah inalala chini ya dirisha lake. Asubuhi yake nikaihamisha, nikaiweka upande wa pili. Upande wa pili ni dirisha la mama mkwe, na hilo nalo limenigharimu, tutalizungumza siku nyingine.

Shemeji akanambia ninunue ya umeme. Umeme! Sisi hapa mpaka 2010 tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha, nayo ya dizeli. Ndipo ikaletwa waya chini ya bahari kutoka Tanga. Sasa nyumbani kwangu feni tu ikizunguka naulizwa nani kamaliza umeme wa Tukuza. Niingize gari ndani ya mita ile? Nitalala nayo nje.

Nikajipa moyo kwamba gari yangu ina kibali cha kwao Japani. Kwenye kioo cha mbele, pembeni juu, kuna stika ya Kijapani niliyoikuta. Miaka yote wageni wakiuliza habari za moshi naigusa ile stika, natikisa kichwa, nao wanatikisa, tunaendelea. Sasa nikapata mgeni Mjapani, mzee mpole, kaja kupiga mbizi. Moshi ulipoingia ndani nikaigusa stika. Akavaa miwani. Akasoma. Akainama kidogo, kwa heshima, akanambia imeandikwa nibadilishe oili. Mwaka 2003.

Tulipofika akaizunguka gari kama anayeaga maiti. Akanieleza kwamba gavana wao wa Tokyo, Shintaro Ishihara, mwaka 1999 alitokea mbele ya waandishi na chupa ya masizi, akaitikisa, akasema hiki ndicho mnachokivuta. Mwaka 2001 serikali ikakaza sheria: kwenye miji ile mikubwa, Tokyo, Osaka na Nagoya, gari ya dizeli isiyofikia kiwango isisajiliwe tena. Nikamuuliza, zikikataliwa kusajiliwa zinapelekwa wapi? Mzee wa watu hakujibu. Aliutazama usukani, akanitazama mimi.

Kumbe nimeuziwa gari iliyofukuzwa kazi! Na si mimi peke yangu. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 gari kuukuu milioni 14 zilitoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo ikapokea nyingi zaidi. Kenya wanazikataa zikizidi miaka 8. Uganda tangu 2018 wanataka zisizidi 15. Yangu mimi umri wake siuulizi, maana nayo haijawahi kuniuliza wangu.

Fundi kaniambia ni nozeli na pampu. Akanitajia bei. Kwa bei ile nilinunua gari. Akaniona nilivyobadilika sura, akanipa dawa ya maskini: usikanyage sana. Pemba hii, vilima juu vilima chini, nisikanyage sana!

Na msimu wa karafuu ndio huu. Njia ya Konde mikeka imeanikwa mpaka ukingoni mwa lami. Juzi napanda kilima, kama kawaida nyuma kiza, mara bibi mmoja kanitokea mbele na ufagio wa chelewa. Nikafunga breki. "Shikamoo bi mkubwa." Hakuitikia. "Weye kijana, karafuu zangu hizi zikashushwa daraja pale ZSTC wanakozinunua, utanilipa weye! Zima hilo lidude!" Nikazima. Kijana, mimi, na mvi hizi. Akasimama na ufagio wake mpaka abiria wote wakashuka, wakasukuma, tukaipita mikeka yake.

Ikawa ndiyo sheria. Mwenye mkeka wa jirani naye katoka, na wa mbele yake. Nikifika pale nazima, watu wanashuka bila kuambiwa. Jana mgeni mmoja wa kizungu kapiga picha ya wenzake wanasukuma Noah, jasho linawatoka. Nikairusha kwa shemeji London: tazama, haitoi moshi hata kidogo. Akajibu, "Bado maili 9 na ushei." Na wale wageni walipofika hotelini wakataka nauli ipungue, wanasema nao wamefanya kazi.