Umeamua Kuwaandikia Watoto? Soma Hapa Kwanza

Hongera kwa uamuzi wako. Riwaya ingekula miaka yako. Kitabu hiki cha watoto umekipangia wikiendi mbili, moja ya kuandika na nyingine ya kumtafutia sungura jina. Ila kabla hujaanza, elewa jambo ambalo wakongwe wa kazi hii hawalisemi mbele ya wageni: mtoto hanunui kitabu. Hana hela na hakuna anayemuuliza. Anayenunua ni shule, mzazi au mfadhili, na hao wote utoto waliuaga zamani. Basi waandikie hao.

Anza na funzo. Wasiojua huanza na kisa, halafu wanahangaika kutafuta funzo limejificha wapi. Wewe chagua kwanza: usafi wa meno, upandaji miti, madhara ya kutosikia la mkuu. Kisha tafuta wanyama wa kulibeba. Ukurasa wa mwisho mnyama mkosaji alie, aombe radhi, asamehewe na mzee mwenye mkongojo.

Hapo sungura atakusumbua. Sungura wa bibi zetu hakuwahi kuomba radhi. Chukua Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho mmisionari Edward Steere alikisikia Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870. Punda amenusurika makucha ya simba, sungura anamrubuni arudi, naye anarudi na kuuawa. Simba anataka moyo na masikio tu, sungura ameshavila. Akiulizwa, anajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudije mara ya pili? Simba anaona ni kweli. Kisa kimekwisha, na aliyejifunza kitu ni punda peke yake, bahati mbaya ameshaliwa. Abunuwasi naye ni walewale: anamrudishia jirani sufuria pamoja na kisufuria "ilichokizaa", na safari nyingine anaibakiza kabisa, eti imefariki. Watu wamecheka hadi leo, na sijasikia mtoto aliyegeuka mwizi wa masufuria.

Peleka muswada wa namna hiyo kwenye jopo la watathmini, uone kalamu nyekundu pembeni: mhusika hana maadili. Kwa usalama wako, sungura mfanye mwenyekiti wa klabu ya mazingira.

Urefu usikuumize kichwa, mtambo utaamua. Karatasi kubwa ya mpiga chapa ikikunjwa hutoa kurasa 8 au 16, ndiyo maana vitabu hivi huwa na kurasa 16, 24 au 32. Kisa chako kikiishia ukurasa wa 28, zinabaki nne. Usithubutu kupendekeza ziachwe tupu mtoto achore. Zijaze Msamiati na Maswali ya Ufahamu: Je, sungura alivaa sare ya rangi gani? Taja faida tano za miti.

Sasa mchoraji. Usionane naye. Yeye hulipwa mara moja, hupewa muswada Ijumaa na kudaiwa michoro Jumatatu, na hakuna anayemwambia kisa kinatokea wapi. Mhusika wako Asha anaishi Mbagala, Dar es Salaam, chumba kimoja, bati juu, daladala zikipiga honi dirishani; kwenye kitabu atakaa nyumba ya msonge chini ya mlima wenye theluji. Ukurasa wa 4 shati lake ni la bluu, ukurasa wa 6 ni la kijani. Ukurasa wa 9 ana kiatu kimoja. Mbuzi wa ukurasa wa 11 ana mkia wa mbwa. Wewe hutaona, mhariri hataona, jopo ndiyo kabisa. Ataona mtoto wa miaka mitano asiyejua hata herufi moja, kwa sababu yeye picha ndiyo anayoisoma, kona kwa kona, na atataka kujua kiatu kimekwenda wapi. Atakitungia kisa mwenyewe. Kwa kawaida kitakuwa kizuri kuliko chako.

Ithibati ya kitabu kutumika shuleni, Tanzania utaiomba Taasisi ya Elimu. Kenya ni KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala. Kuhusu soko, ukikutana na mchapishaji wa zamani wa Tanzania atakusimulia Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, uliokuwa ukinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Hapa naweka utani kando: bila mnunuzi wa aina hiyo, hadithi nyingi za Kiswahili zingebaki kwenye droo. Kenya nako soko lilibanwa na kodi: mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ilivitwisha vitabu asilimia 16.

Mrabaha wa kawaida ni asilimia 10. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 5,000: nakala elfu moja zitakupa laki tano, zikiuzwa, na kama mkataba unahesabu bei ya jalada. Ukiona umeandikwa "mapato halisi", rudia kusoma polepole, maana duka la vitabu hukata chake kwanza.

Kitabu kikifika shuleni, tegemea kukikuta ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati lenye kufuli, kisafi kama siku kilipotoka kiwandani. Usimlaumu. Kitabu kikichanika au kupotea yeye ndiye atakayeulizwa. Kisiposomwa haulizwi na mtu.

Mara mojamoja nakala huponyoka. Utaikuta mtaani imetoka jalada, ina alama ya chai na vidole vya mafuta, imepita mikono mingi, kurasa za mwisho hazipo. Mwenye nayo akijua wewe ndiye mwandishi, atakubana umwambie zile kurasa zilikuwa na nini. Mwambie ukweli tu: yalikuwa maswali.