Jinsi ya Kupinda Mnara wa Kanisa

Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote mjini Chesterfield, Uingereza, lina mnara wenye kilele kirefu kilichojisokota nyuzi 45 na kuinama karibu mita 3. Ukitamani wa kwako, fuata hatua hizi.

1. Okoka kwanza. Tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348 iliua watu wasiopungua theluthi moja, na mafundi wengi walizikwa na ujuzi wao. Kilele cha Chesterfield kiliinuliwa yapata mwaka 1362. Waliokijenga walikuwa watu waliotoka makaburini, nao bado wakataka kufika mbinguni kwa takriban mita 70.

2. Tumia mbao mbichi. Usiwacheke: mwaloni ukikauka huwa mgumu mno kupasuliwa, hivyo maseremala wa zama zile waliufanyia kazi ungali na maji. Samaki mkunje angali mbichi. Ubao nao hukunjika wenyewe unapokauka.

3. Punguza mihimili ya mshazari. Hapa ndipo penye siri yote. Mbao mbichi zilizofungwa vizuri hushikana zikikauka. Zisipofungwa, kila moja hushika njia yake.

4. Vika kilele madini ya risasi, tani 33 hivi, ukiyapanga kama ukili uliosukwa. Kule jua hupita upande wa kusini, hivyo upande huo hupata joto zaidi na risasi yake hutanuka kuliko ya kaskazini. Uzito unasukuma chini, joto linavuta kando, karne zinamalizia.

5. Waachie watu hadithi. Wengine husema Shetani alitua kileleni, moshi wa ubani ukampiga puani, akapiga chafya. Wengine husema mnara uligeuka kumtazama bi harusi bikira, na utanyooka siku atakapokuja mwingine. Wanaosimulia kwa furaha kuliko wote ni wenyeji.

6. Usinyooshe kamwe. Desemba 1961 moto ulizuka kanisani na kuteketeza kinanda cha mwaka 1756, lakini wazimamoto waliuzima kabla haujala mnara. Timu ya mpira ya mji hadi leo inaitwa kwa jina la kilele hicho. Minara iliyonyooka imejaa Uingereza; huu umependwa kwa sababu unaonyesha wazi walioujenga walikuwa na nini, na walikosa nini. Jengo linalosema ukweli namna hiyo lilindwe jinsi lilivyo.