Plastiki Iliyopauka na Wenye Nayo: Majibu kwa Wasomaji wa Sharqiyah na Dakhiliyah

Gari-nyumba, yaani gari lililotengenezewa ndani kitanda, jiko, kabati na pengine choo ili mwenyewe asafiri na kulala humo humo, hufika Ras al Jinz kwa njia mbili: ama limeletwa na Mzungu aliyelivusha nchi kadhaa hadi Omani, ama limenunuliwa na mtu wa Sur, Ibra au Nizwa aliyemhurumia Mzungu huyo safari ilipomshinda. Kwa njia zote mbili, malalamiko yanayoifikia safu hii hayahusu injini wala breki, bali paneli, yaani vipande vya plastiki vinavyofunika kuta, milango na dashibodi, ambavyo vilitoka kiwandani vikiwa na rangi ya maziwa na sasa vina rangi ambayo adabu inakataza kuitaja. Barua zinazojibiwa hapa zimefupishwa, na matusi ya waandishi wake dhidi ya mafundi yameondolewa.

Aliyebandukiwa, wa Sur, anaeleza kwamba alizipaka paneli zote za gari lake la miaka ya 1980 kwa siku moja na kwa rangi moja ya kopo la kupuliza, lakini baada ya mwezi rangi ya nyuma ilikuwa imeshika vizuri ilhali ile ya mbele, karibu na usukani, ilikuwa ikivuka kama gamba la nyoka. Anataka kujua kama kopo lilikuwa bovu.

Kopo halina hatia. Plastiki ni jina la pamoja la vitu vingi visivyofanana, na katika gari-nyumba vitu hivyo hukutana kwa sababu watengenezaji wenyewe huwa wawili: kiwanda cha magari hutoa chasisi na kibanda cha dereva, kisha kiwanda kingine hujenga makazi nyuma yake. Paneli za makazi, hasa zile za chooni na za kuzunguka madirisha, mara nyingi ni ABS, ufupisho wa akrilonitrili-butadieni-stirini, ambayo ni plastiki ngumu inayoipokea rangi kwa urahisi, kwa kuwa vimumunyisho vya rangi, yaani vile vimiminika vinavyoifanya iwe majimaji kisha vikaruka hewani, hulainisha uso wake kidogo na kuiachia rangi mahali pa kujishika. Vipande vya mbele vinavyopindika bila kuvunjika huweza kuwa polipropilini, ambayo uso wake hauvuti vimiminika, kiasi kwamba tone la maji likidondoshwa juu yake hujikusanya badala ya kutandaa, na rangi nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa kificho zaidi. Giulio Natta wa Italia na Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1963 kwa kazi iliyofungua njia ya plastiki za jamii hiyo; hakuna tuzo iliyokwisha kutolewa kwa mtu aliyeipaka rangi bila matayarisho ikashika.

Njia ya kuzitofautisha ipo, nayo haihitaji maabara. Kwanza paneli ing'olewe na kutazamwa mgongoni, ambako huenda pamepigwa chapa ya herufi PP, yaani polipropilini, au ABS, ingawa magari ya zamani mara nyingi hayana chapa hiyo. Isipokuwepo, kipande kidogo kikatwe mahali pasipoonekana na kutiwa ndani ya kikombe cha maji yenye sabuni kidogo: polipropilini tupu huelea kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, na ABS huzama. Jaribio hili lina udhaifu wake, kwani polipropilini iliyochanganywa na unga wa talki viwandani huweza kuzama pia, na ndiyo sababu fundi makini huongeza jaribio la msasa, ambamo ABS hutoa unga mkavu wakati polipropilini huota nyuzinyuzi na kuonekana kama imechanwa. Atakayegundua kwamba kipande ni polipropilini anapaswa kununua dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, ambayo hupulizwa nyembamba kabla ya rangi yenyewe na hupatikana katika maduka ya rangi za magari. Asipoipata, ni afadhali akiache kipande hicho na mpauko wake.

Yaliyobaki ni kazi ya mikono, nayo ndiyo wengi huikimbia. Paneli ioshwe kwa sabuni ya vyombo na maji baridi ya bomba, kwa sababu upepo wa pwani huacha chumvi ambayo baadaye huvuta unyevu chini ya rangi. Ikaushwe, ipigwe msasa wa namba 400 hadi mng'ao wote utoweke, kisha ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti. Thina na asetoni zisiguswe, kwa kuwa huiyeyusha ABS na kuigeuza uji. Rangi ipulizwe tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikipewa muda ulioandikwa kwenye kopo, na ieleweke kwamba rangi iliyokauka kwa kuguswa bado haijakomaa: ukomavu huchukua siku kadhaa, pengine wiki, na ukucha wa mtoto hujua tofauti hiyo kabla ya mtu mzima.

Mke wa Fundi wa Ijumaa, wa Ibra, ambaye huuza vitu vyake katika soko la wanawake la Jumatano, anaandika kwamba mumewe amepaka rangi ndani ya gari lao mara mbili na mara zote mbili imejaa vitundu vidogo vya mviringo, na sasa mume anasingizia udi na ubani anaoufukiza yeye humo garini. Anaomba ahukumiwe kwa haki.

Haki inawagawanya. Ubani ni mchanganyiko wa gundi inayoyeyuka majini na utomvu usioyeyuka majini bali katika spiriti, na moshi wake, pamoja na ule wa udi, huacha kwenye kuta utando mwembamba wa mafuta ambao maji na sabuni havitoshi kuumaliza. Kwa hiyo mume hakusema uongo. Hata hivyo vitundu vya mviringo, ambavyo rangi huonekana kama imekimbia kutoka kwenye nukta fulani, kwa kawaida ni alama ya silikoni, nayo silikoni imo katika dawa nyingi za kung'arishia dashibodi, ambazo huyo mume, kwa ushahidi wa barua yenyewe, hununua kila mwezi. Dawa hiyo isiingie tena ndani ya gari. Paneli zisafishwe mara mbili kwa kiondoa mafuta, kitambaa kikibadilishwa kila mara, na zifanyiwe kazi nje ya gari, kwani kupuliza rangi ndani ya kijumba kilichofungwa madirisha ni kujitafutia kizunguzungu na hatari kubwa kuliko hiyo, hasa kwa rangi za sehemu mbili zinazochanganywa na kigumishi, ambazo mvuke wake huweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Bibi aendelee kufukiza, ila baada ya rangi kukomaa.

Mjukuu wa Fundi wa Vyombo, wa Sur, anaripoti kwamba babu yake amemshauri azipake paneli sifa, mafuta ya maini ya papa, kwa hoja kwamba majahazi ya Sur yalipakwa sifa na yakafika Unguja.

Hoja ya babu inastahili heshima, ila inahusu mbao. Sifa huingia katika nyuzi za ubao na kuuzuia usipasuke kwa jua. Chini ya mstari wa maji chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, unaozuia minyoo ya baharini na kubanduliwa kila unapopakwa upya. Plastiki haina nyuzi za kunywa kitu. Sifa itakaa juu yake, itairudishia mng'ao wake kwa wiki moja, itawakusanya nzi wa wilaya nzima, na itahakikisha kwamba hakuna rangi itakayoshika hapo tena mpaka iondolewe yote.

Kwa kuwa babu ametaja historia, na historia iwe kamili. Wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Serge Cleuziou na Maurizio Tosi, walipata Ras al Jinz yenyewe mamia ya vipande vya lami vilivyokuwa vimefunika mashua za zaidi ya miaka 4,000 iliyopita: upande mmoja wa baadhi ya vipande una alama za matete, kamba na mikeka, na upande wa pili una viumbe wadogo wenye magamba, wa kung'ang'ania, ambao huota juu ya kitu kilichokaa baharini. Lami ile ilishika kwa sababu chini yake palikuwa na mikunjo na mafundo ya kushikia. Kazi hiyo, kwenye plastiki, hufanywa na msasa, na mjukuu angeweza kumweleza babu hivyo bila kuvunja adabu.

Mwenye Njano, wa Nizwa, anauliza kama haidrojeni peroksidi itamwondolea haja ya rangi. Itaondoa njano ya ABS ikipakwa na kuanikwa juani, lakini njano huweza kurudi, na ule ukavu ulioletwa na mionzi ya urujuanimno, ambayo huvunja minyororo ya molekuli za butadieni ikisaidiana na oksijeni, hauponi. Kuhusu ugomvi wake na shemeji anayeipinga rangi nyekundu, safu hii iko upande wa shemeji: ndani ya gari dogo rangi nyekundu haivumiliki.

Mpenda Ubaridi, ambaye hakutaja mji, amepanga kuliegesha gari lake karibu na ufuo wa Ras al Jinz mwezi wa Agosti, kuwasha taa kubwa usiku na kupaka paneli zake wakati jua halipo. Anaomba ushauri wa brashi.

Ashauriwe kuhusu mahali kwanza. Katika miezi ya kusi maji baridi ya kilindini hupanda juu mbele ya pwani hiyo, hewa hujaa unyevu, na usiku umande huangukia kila kitu. Rangi iliyopulizwa katika hali hiyo huota utando mweupe na kupoteza mng'ao, na wadudu wanaofuata taa humalizia safari yao juu yake. Zaidi ya hayo, Ras al Jinz ni hifadhi iliyowekwa kwa amri ya kifalme mwaka 1996 kwa ajili ya kasa wa kijani, ambao majike yao hupanda ufuoni usiku kutaga, na vifaranga vyao hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga zaidi. Taa moja kubwa nchi kavu hutosha kuwageuza. Wageni huingia ufuoni usiku kwa kuongozwa na walinzi, na hakuna mlinzi atakayemwongoza mtu mwenye kopo la rangi.

Gari hilo lipakwe rangi Sur, ndani ya gereji iliyo wazi pande mbili, asubuhi baada ya umande kukauka, na mwenyewe asiende Ras al Jinz kabla ya wiki mbili kupita.